Kichaa cha Mbwa: Jina na Linachokificha

Makala haya yanafafanua jinsi jina 'kichaa cha mbwa' linavyoelimisha na kupotosha kwa wakati mmoja. Neno kichaa humchorea msikilizaji mbwa mkali, atokwaye na mate na kumrukia kila apitaye. Sura hiyo ni ya kweli, ila si ya pekee. Virusi vya maradhi haya hupitia mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na wapo mbwa wanyamazao tu: hujificha gizani, taya likalegea, wakashindwa kumeza. Mwenye mbwa, akidhani mnyama wake amekwamwa na mfupa kooni, humtia mkono kinywani, na mate yakapenya kwenye mchubuko wa kidole.

Dalili zikishamdhihirikia binadamu, ni nadra mno kupona. Kwa hivyo, aliyeumwa, kuparuzwa au kuguswa jeraha na mate hana budi kupaosha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini kuchanjwa. Mbwa nao wachanjwe. Asilimia 70 yao wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Hatupendekezi istilahi mpya. Afundishaye jina hili, basi, afundishe pia kwamba kichaa hiki huweza kuja kimyakimya.