Mjusi wa chini ya udongo

Mama analima shamba la mihogo. Jembe linapindua bonge la udongo, na tazama, kitu chembamba chenye kung'aa kinajinyonganyonga. Watu wanapiga kelele: "Nyoka! Nyoka!" Wanakipiga kwa mpini wa jembe mpaka kinakufa. Lakini yule si nyoka. Ni mjusi mdogo, wala hana sumu hata kidogo.

Mjusi huyu anaonekana Katanga, Zambia, Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Wenye elimu ya wanyama wanamwita Mochlus sundevallii. Urefu wake, pamoja na mkia, ni sentimeta 15 hivi. Pengine anapita kidogo. Rangi yake ni ya udongo, yenye madoa madogo meusi. Magamba yake yanateleza kama yamepakwa mafuta, kwa hiyo mchanga haumshiki. Shingo yake haionekani. Pua yake ni bapa, nayo ndiyo jembe lake.

Mtu mwenye haraka haoni miguu yake. Anayo minne, mifupi sana, na kila mguu una vidole vitano. Akitaka kuingia mchangani, anaibana miguu ubavuni, anasukuma kwa pua, na mwili unapindapinda kama samaki majini. Mara amepotea.

Tena, tazameni macho yake. Mjusi huyu anayafumba na kuyafumbua. Nyoka hawezi, maana hana kope. Nyuma ya macho ana matundu madogo ya masikio, nyoka hana. Lakini mtazameni kwa mbali, msimshike. Wako nyoka wadogo wanaokaa udongoni vilevile, na wengine wao wana sumu.

Anakaa chini ya majani makavu, chini ya magogo na ndani ya vichuguu. Mvua ikinyesha, pengine anatoka juu. Anakula wadudu, hasa mchwa. Mchwa wanaharibu nguzo za nyumba; mjusi anawala bila kuitwa na mtu. Jike anataga mayai machache, mara nyingi mawili mpaka sita, katika gogo bovu au kichuguu.

Adui akimshika mkia, mkia unakatika na kurukaruka peke yake. Adui anashangaa mkia, na mwenyewe amekwisha kuingia chini. Baadaye mkia mwingine unaota, lakini kwa kawaida ni mfupi kuliko ule wa kwanza.