Alfajiri ya Baridi katika Mawimbi ya Santa Cruz

Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ambao wengi huuhusisha na fukwe za joto, umekita mizizi pia katika bahari ya baridi ya Santa Cruz, mji wa pwani ya California nchini Marekani, ambako mwaka 1885 wanawafalme watatu wa Hawaii waliokuwa masomoni waliteleza kwenye mlango wa mto San Lorenzo. Maji ya hapo wakati wa kipupwe huwa na nyuzijoto kati ya 11 na 13 hivi, kwa kuwa mkondo wa California huyaleta kutoka kaskazini. Msomaji aliyezoea kuogelea Tanga au Mombasa, ambako bahari haishuki sana chini ya nyuzi 24, hana budi kuifikiria tofauti hiyo kwa makini.

Marafiki wanaokwenda huko alfajiri hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Nchi kavu hupoa usiku upesi kuliko bahari, na hewa yake nzito huvuma kuelekea majini, ikilikabili wimbi na kulilainisha uso kabla halijavunjika, ilhali upepo wa mchana utokao baharini huyavuruga mawimbi yale yale, ambayo yamesafiri maelfu ya kilomita kutoka dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini.

Kinachowawezesha kukaa katika maji hayo ya baridi ni suti ya neoprini, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Mapema miaka ya 1950 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alitambua kwamba si lazima mwili ubaki mkavu: vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisipotee, hata maji machache yakipenya. Jack O'Neill, aliyefungua duka Santa Cruz mwaka 1959, aliyaeneza mavazi hayo miongoni mwa watelezaji.

Hata hivyo, suti haitoshi, na hapa ndipo urafiki unapokuwa kinga halisi. Baada ya muda vidole hukakamaa, hata mtu akashindwa kuishika kamba ya zipu iliyo mgongoni mwake, na mwenzake ndiye anayemvutia. Hatari kubwa zaidi ni mwili kupoa kupita kiasi: mtu hutetemeka, kisha ulimi humwia mzito, na kwa kuwa fikira nazo huzubaa, mara nyingi yeye mwenyewe huwa wa mwisho kutambua, ilhali rafiki anayeijua sauti yake huigundua dalili mapema na kumwamuru arudi ufukweni. Kwa hiyo anayefika alfajiri akakuta pwani haina mtu, hata mawimbi yakiwa mazuri namna gani, na asubiri mwenzake kabla ya kuingia majini.