Nyimbo za Delta Zisipotee

Katika miaka ya 1970, bendi nyingi za nchi yetu zilitegemea studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi nyimbo zao. Leo mwanafunzi wa muziki halazimiki kwenda mbali. Programu iitwayo Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, haiuzwi. Na leseni yake inaruhusu kuinakili na kuigawa. Nakala moja yaweza kuvuka kutoka Nyamisati ndani ya flashi, ikatumika visiwani bila intaneti. Kijana hurekodi ngoma kwanza, kisha waimbaji, halafu hupima sauti hizo ili moja isiifunike nyingine.

Basi bei ya programu si kisingizio tena. Kinachotakiwa ni kompyuta, kipaza sauti, umeme na mwalimu. Tunawaomba viongozi wa Wilaya ya Kibiti wasingoje studio ya fahari. Waanze na kompyuta moja katika shule moja ya delta. Nanyi wazazi, msiwaite watoto hawa wahuni. Wazee wetu wanaondoka na nyimbo zao, na wahenga walikwisha kutuonya: mwacha asili ni mtumwa.