Nyembamba Kuliko Zote: Rekodi Saba za Kioo cha Simu

Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kioo cha simu hulipa nauli ya boda, hupokea pesa za omena, na mara nyingine hupasuka kabla mkopo wa simu yenyewe haujaisha. Nyuma ya kioo hicho kuna mashindano makali ya wahandisi, na kanuni yake ni moja: anayeshinda ni yule ambaye kazi yake haionekani. Hizi hapa rekodi saba, zimepimwa kwa vipimo vya Kisumu.

1. Kongwe kuliko zote: 1965

Kenya haikuwa imetimiza miaka miwili ya uhuru wakati E. A. Johnson, mhandisi wa maabara ya rada huko Malvern, Uingereza, alipochapisha makala kuhusu skrini inayotambua kidole. Kanuni yake haijabadilika: mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia kioo, chaji iliyo chini yake hubadilika na mashine ikajua umegusa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bent Stumpe wa CERN kule Geneva alichora kwenye kioo nyuzi za shaba zenye upana wa maikromita 80 ili jicho lisizione. Mbio za kujificha zikaanza hapo.

2. Iliyojaza mifuko kwa kasi: watu 350,000

Mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos ilitua Kenya kwa bei ya karibu dola 80, ikiwa na kioo cha inchi 2.8 kinachohisi mguso mwepesi wa kidole. Kufikia Agosti mwaka huohuo, zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wameinunua. Uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, Kisumu, huchukua watu takribani 30,000. Wanunuzi hao wangeujaza mara 11, na bado 20,000 wangebaki nje wakipiga kelele.

3. Simu nyembamba isiyokunjwa: milimita 4.75

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi sita, ongeza kipande, na umefikia unene wa Vivo X5 Max ya mwaka 2014. Tecno, jina ambalo kila fundi wa simu Kisumu analijua, ilionyesha simu ya majaribio ya milimita 5.75 mwaka 2025. Apple ikafuata mwaka huohuo na iPhone Air ya 5.6. Zote mbili ni nyembamba, lakini zote mbili zimeshindwa na simu iliyozitangulia kwa miaka 11!

4. Kioo chembamba: maikromita 30

Mwaka 2012 kampuni ya Corning ilitoa kioo cha maikromita 100, sawa na karatasi ya daftari. Kilionekana muujiza. Mwaka 2020 Samsung ikaweka ndani ya simu inayokunjwa, Galaxy Z Flip, kioo cha takribani maikromita 30. Chukua vioo 25 vya namna hiyo, vipange kimoja juu ya kingine: havifikii unene wa kadi moja ya benki. Tena vinakunjika.

5. Utando mwembamba: atomu moja

Chini ya kioo lazima pawe na utando unaopitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Bingwa wa madukani ni oksidi ya indiamu na bati, ambayo aghalabu hupakwa kwa unene wa nanomita mia moja hivi. Mpinzani wake ni grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja tu, yaani nanomita 0.34. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Mwaka huo wa tuzo, watafiti wa Korea Kusini walitengeneza tando za grafini za inchi 30 na kuundia skrini ya mguso. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Kila mmoja wao akileta karatasi moja ya grafini na zote zikarundikwa pamoja, rundo litakuwa na milimita 0.39. Kaunti nzima, nusu ya kadi ya benki!

6. Angavu kuliko zote: asilimia 97.7

Rudi Mamboleo. Chukulia chembe za mwanga ni mashabiki 30,000 langoni. Utando wa kawaida hupitisha takribani asilimia 90, kwa hiyo 3,000 wanarudishwa nyumbani. Grafini huzuia asilimia 2.3 pekee: watu 690. Lakini kuna mwizi mwingine mkubwa wa mwanga: mpaka kati ya kioo na hewa. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, jumla ya mashabiki 2,400. Ndiyo maana viwanda hugandisha matabaka kwa gundi angavu bila kuacha mwanya, na skrini inasomeka hata kwenye jua la mchana la ufuoni Dunga.

7. Ishara ndogo: chini ya pikofaradi moja

Gawanya faradi moja, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji, katika vipande trilioni. Badiliko linaloletwa na kidole chako mara nyingi halifiki kipande kimoja. Ndiyo sababu tone la maji huivuruga simu: mchuuzi wa samaki mwenye vidole vilivyolowa hugusa herufi moja, zikajibu tatu. Kioo kikipunguzwa unene, ishara ya kidole huongezeka, lakini kelele za umeme za skrini nazo husogea karibu. Jibu la wahandisi limekuwa kuunganisha tabaka la mguso na skrini kuwa kitu kimoja. Mwaka 2012 iPhone 5 ilifanya hivyo, na simu ikashuka kutoka milimita 9.3 hadi 7.6.

Jumla ya alama

Grafini imebeba medali mbili, lakini oksidi ya indiamu na bati bado inatawala madukani. Na kombe kuu halijapata mwenyewe. Kila tabaka linaloungana na jingine humwondolea fundi wa simu wa Ring Road, Kisumu, nafasi ya kubadilisha kioo peke yake, naye mteja hulipia skrini nzima. Skrini nyembamba, angavu, na inayotengenezeka kwa bei ya mfuko wa Nyalenda: atakayeileta hiyo, apewe kombe!