Mtoto Akichora, Mzazi Akae Naye

Mtoto wa miaka mitatu akiokota jani la mpapai uani, mzazi anaweza kumpa karatasi na rangi acheze peke yake, au akaketi naye walichape jani hilo pamoja. Njia ya pili ina faida zaidi, kwa sababu kinachomjenga mtoto si picha bali mazungumzo yanayozaliwa wakati inatengenezwa. Mwaka 1986 watafiti Michael Tomasello na Jeffrey Farrar walionyesha kuwa mtoto mdogo hushika jina la kitu kwa urahisi zaidi akitajiwa wakati macho yake tayari yako hapo, kuliko akivutwa atazame kingine.

Vitu vya asili huyavuta macho hayo bila gharama. Paka rangi upande wa chini wa jani, ambako mishipa imetokeza, kisha ligandamize kwenye karatasi: njia za maji zinajichora zenyewe, na maswali yanaanza. Koroga manjano ya unga kwa maji, paka karatasini, acha ikauke, kisha pitisha kijiti chenye maji ya sabuni au ya majivu. Njano inageuka wekundu wa kahawia, kwani rangi ya manjano hubadilika ikikutana na alikali iliyomo katika sabuni na majivu. Hiyo ni kemia, na mtoto ameiona kwa macho yake.

Wapo wazazi wanaosema hawajui kuchora. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka miongoni mwa takriban asilimia 75 ya washiriki, na uzoefu wa sanaa haukuonekana kuleta tofauti. Utafiti huo ni mdogo, haukuwa na kundi la kulinganisha wala haukuhusu watoto, hivyo hauthibitishi tiba. Lakini kisingizio cha kukosa kipaji unakidhoofisha. Wengine husema simu inatosha kumtuliza mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri wenye miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na simu haijui mtoto anatazama nini.

Tahadhari ni muhimu: utomvu wa mnyaa huunguza macho, mbegu za mbarika zina sumu, na mbegu ndogo humpalia mtoto. Mzazi, chagua mimea unayoijua, oshaneni mikono mkimaliza, na muda wote huo mwache mtoto aulize nawe umjibu.