Kabla ya Penseli, Mdako

Kila Januari, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, hutokea mzazi akafika kliniki ya watoto akiwa ameshika daftari. Mtoto ana miaka mitano au sita. Herufi zake zimetawanyika, penseli imetoboa karatasi, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi huyu ni mvivu. Pengine viganja vyake vimekwisha kuchapwa.

Kabla ya kulikubali neno hilo, tuutazame mkono wenyewe. Una mifupa 27, minane kati yake ikiwa ile midogo ya kifundo, ambayo mtoto anapozaliwa aghalabu ingali gegedu. Misuli na ubongo nao hujifunza kwa hatua. Kwenye miezi 9 au 10 mtoto huanza kuokota punje kwa dole gumba na kidole cha shahada. Karibu na miaka 3 huiga duara, miaka 4 huiga alama ya msalaba, na pembetatu huja kwenye miaka 5. Herufi zimeundwa kwa maumbo hayohayo: asiyeweza bado kuchora mstari wa mshazari, K na V zitamshinda hata akichapwa.

Katika michezo inayoujenga mkono huo, sijaona unaoushinda mdako. Huchimbwa kishimo, zikatiwa kokoto. Mchezaji hurusha kokoto moja juu, na kabla haijashuka huzoa nyingine shimoni, kisha huidaka ile ya juu kwa mkono uleule. Mtazame vizuri. Vidole viwili vya mwisho hubana kokoto kiganjani, huku gumba, shahada na kidole cha kati vikiendelea kuchakura. Mgawanyo huo wa kazi ndio uhitajikao katika kushika penseli: vitatu huongoza, viwili hutuliza. Mara nyingi mtoto huitwa aache mchezo akaandike. Mimi ningemwongezea dakika ishirini za mdako.

Jikoni nako kuna mengi. Kuchambua mchele, kubambua maharage mabichi, kukanda unga na kukamua kitambaa chenye maji ni mazoezi kamili, na mtoto huyafurahia ilimradi asiharakishwe. Pwani, ajifunzaye kusuka ukili pembeni mwa bibi yake huzoeza mikono miwili kushirikiana. Udongo wa kufinyangia ng'ombe na magari haununuliwi. Wakati wa kuchora ukifika, apewe kipande kifupi cha chaki au mkaa, kwa kuwa kifupi hakishikiki kwa ngumi. Hata kukwea mwembe kuna faida, maana vidole haviwezi kutulia ikiwa bega ni legevu.

Tahadhari moja haina mjadala. Mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachiwe shanga, kokoto, maharage wala karanga. Wahudumu wa afya wanazijua haragwe zinazotolewa puani, na karanga iliyoingia kwenye njia ya hewa yaweza kuua.

Zipo dalili ambazo michezo pekee haitoshi kuzitibu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja lakini daima hutumia mkono mmoja, huku wa pili ukikunja ngumi, apelekwe hospitali mapema. Huenda upande huo una udhaifu utokanao na mtindio wa ubongo. Vivyo hivyo kwa aliyepoteza uwezo aliokuwa nao. Mkono wa kushoto kwa mtoto wa shule ni jambo jingine kabisa: si ugonjwa wala utovu wa adabu. Asilazimishwe kuuacha, aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake, na daftari lake liinamie kulia.

Kwa mhudumu wa zahanati isiyo na vifaa, dakika tano zatosha kuanza. Mwombe mtoto afungue kifungo cha shati lake. Mpe maharage matano, aokote moja moja na kuyaficha katika kiganja hichohicho bila kuyaangusha. Mchoree alama ya msalaba aiige. Kisha muulize mama mtoto hucheza nini nyumbani, na hucheza na nani. Daftari litazamwe baadaye.