Pointi za Mtumba: Zamu ya Kulala Hotelini

Sisi wa Likoni twaishi mlangoni mwa hoteli. Kila alfajiri matatu za Ukunda hujaa watu wanaokwenda kazini Diani: wapishi, walinzi, wafua nguo, wapiga deki na watandika vitanda. Aghalabu ni wazazi wetu ama majirani zetu. Huwatandikia wengine vitanda miaka nenda miaka rudi, lakini ni wachache mno waliowahi kulala katika vitanda hivyo. Mjomba wangu ni mmoja wao. Ametandika vitanda katika hoteli moja ya Pwani ya Kusini kwa miaka 19.

Mwaka jana mgeni mmoja mzee, ambaye huja hotelini humo kila mwaka, alimwita mjomba kando. Akamwambia kwamba miguu yake imechoka na safari. Ana pointi 210 za kila mwaka katika klabu ya likizo, na klabu hiyo ina vyumba katika nchi kadhaa, vikiwemo vingine katika hoteli hiyo hiyo. Yu tayari kumpa bure, alipe tu gharama ya kubadilisha jina. Mjomba alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kaka, bure ya wapi hiyo?"

Basi nikaitwa mimi na daftari langu la hesabu. Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa yale tuliyoyagundua usiku ule, pamoja na niliyoyasoma baadaye. Huenda kesho nawe ukaletewa bure kama hiyo.

NYUMBA YA ZAMU NI NINI?

Wauzaji huiita taimusheya. Mimi nitaiita nyumba ya zamu, kwa kuwa mambo yake yafanana na mchezo wa kina mama. Katika mchezo, watu 10 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, kila mmoja hupokea 10,000 zamu yake inapofika. Katika nyumba ya zamu, watu wengi hununua nyumba moja ya likizo, na kila mmoja hupata siku zake za kukaa katika mwaka. Mwenye zamu aweza kubadilishana na mwenzake, aweza kumkodisha mtu, aweza hata kuiuza.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, tafadhali ishike. Katika mchezo pesa zako hukurudia. Katika nyumba ya zamu kinachokurudia ni usingizi tu.

Jambo hili lilianza Ulaya. Mwaka 1963 kampuni ya Hapimag iliundwa nchini Uswisi. Wanachama walinunua hisa, na kampuni ikanunua nyumba za likizo za kutumiwa na wote. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini, hoteli za milima ya Alps huko Ufaransa nazo zikaanza kuuza wiki badala ya kukodisha vyumba. Mwaka 1974 kampuni ya RCI ilianzishwa mjini Indianapolis, Marekani, ili mwenye wiki mahali pamoja aweze kubadilishana na mwenye wiki kwingine. Mwaka 1991 Disney nayo ilifungua klabu yake huko Florida, ikiuza pointi badala ya wiki.

POINTI HUTUMIKAJE?

Mwenye wiki amefungwa. Kama wiki yake ni ya Juni, basi ni Juni. Mwenye pointi ni kama mtu mwenye pesa mfukoni: kila mwaka hupewa pointi zake, naye huchagua atazitumia lini na wapi. Katika klabu nyingi aweza kuweka akiba pointi za mwaka huu azitumie mwakani, ama kukopa za mwakani azitumie sasa.

Hata hivyo, bei ya usiku haiwi moja mwaka mzima. Sisi watu wa pwani twalijua hili bila kufundishwa. Wakati wa masika mvua hunyesha, kusi huvuma, mwani hujaa ufuoni na hoteli huwa tupu. Agosti Wazungu huwa likizoni. Desemba kaskazi imeingia, bahari imetulia, na watu wa Nairobi nao wanateremka na watoto wao.

Tuchukue mfano. Tuseme usiku mmoja wa masika ni pointi 10, wa Agosti ni 15, na wa Desemba ni 25. Mwenye pointi 70 atalala siku 7 wakati wa masika, ama siku 4 za Agosti na kubakiwa na pointi 10, ama siku 2 tu za Desemba na kubakiwa na 20. Kwa hivyo anayekwambia "nina pointi 70" hajakwambia kitu mpaka uone jedwali la klabu yake.

KWA NINI MTUMBA NI RAHISI?

Pointi mpya huuzwa ghali. Bei yake imebeba mshahara wa wauzaji, vyakula na zawadi wanazopewa wageni ili wakubali kusikiliza, matangazo na faida. Siku unapoziuza wewe, hakuna anayekurudishia gharama hizo. Zaidi ya hayo, wenye pointi wanaotaka kutoka ni wengi, na wanaotaka kuingia ni wachache. Ndiyo sababu kitu kilichonunuliwa kwa pesa nyingi huja kuuzwa kwa bei ya kutupa, au kutolewa bure kabisa kama alivyofanya yule mzee.

Ukienda Kongowea kununua shati la mtumba hulitazami kwa nje tu. Waligeuza, wakagua kola, kwapa na vifungo. Pointi za mtumba nazo zina kwapa lake, nalo ni ADA YA KILA MWAKA.

Nyumba hupakwa rangi, paa huvuja, walinzi hulipwa. Gharama hizo hugawanywa kwa wenye pointi wote, kila mtu kwa kadiri ya pointi zake. Hulipwa kila mwaka, uende ama usiende. Ukiwa mgonjwa utalipa. Ukifutwa kazi utalipa.

Karatasi za yule mzee zilionyesha ada ya dola 650 kwa mwaka kwa pointi zake 210. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi 84,000, yaani shilingi 400 kwa kila pointi. Nayo hutakiwa Januari, mwezi ule ule wa karo na sare za shule! Nilipotaja hesabu hiyo mjomba aliacha kucheka.

Tena ada ni ya dola, na dola haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Ada ile ile ya dola 650 ingetoka shilingi 79,950 hadi zaidi ya 104,000, bila klabu kuongeza hata senti.

Na klabu huongeza. Hapa nilitumia hesabu ya Kidato cha Tatu, ile ya riba juu ya riba ambayo wengi wetu twaikimbia. Hebu chukua fungu dogo la pointi 70, ada shilingi 28,000. Kama ada yapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa 10 itakuwa takriban 43,400. Jumla ya miaka 10 ni takriban shilingi 352,000. Hiyo ndiyo bei ya kitu cha "bure", tena fungu dogo. Fungu la mzee ni mara 3 yake: zaidi ya milioni moja.

ANZA KIDOGO

Je, ina maana jambo hili ni baya? La hasha. Kuna watu huwafaa: wale ambao tayari husafiri kila mwaka, hupanga safari mapema, na wana pesa za ada hata mwaka ukiwa mbaya. Mtu huyo akinunua mtumba hupata kitanda kile kile cha aliyenunua mpya kwa pesa nyingi. Lakini naye aanze kidogo, kwa sababu kuongeza pointi ni rahisi na kuzipunguza ni kazi. Ukiona hazikutoshi, wa kukuuzia nyingine hawakosekani. Ukiona zimezidi, yule mzee ashahidi: pointi zake 210 hata za bure alikuwa akizitafutia mtu.

Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi wa mtumba aulize haya:

1. Jina lililo katika mkataba ni la nani? Anayeuza ndiye mwenyewe?
2. Kuna deni la ada? Deni lisipolipwa kwanza, laweza kumwangukia mnunuzi.
3. Ada ilikuwa ngapi katika miaka 3 iliyopita? Hapo utaona inavyopanda.
4. Pointi za mwaka huu bado zipo? Za mwakani hazijakopwa?
5. Mnunuzi wa mtumba hunyimwa haki gani? Kwa mfano, klabu ya Disney haiwapi wanaonunua kwa watu haki zote wanazopata wanaonunua kwa klabu yenyewe.
6. Mkataba unaisha lini? Mikataba ya kwanza ya Disney iliandikwa iishe mwaka 2042. Mingine haina mwisho, na imeandikwa iwafuate hata warithi.
7. Kubadilisha jina ni pesa ngapi, na nani alipa?

Hili la sita si mzaha. Afrika Kusini biashara hii ni kubwa, na malalamiko yalizidi mpaka Tume ya Taifa ya Wateja ikaanza uchunguzi mwaka 2017. Watu walilalamika kuwa wamefungwa katika mikataba isiyo na mwisho, na wengine kuwa wanalipa ada lakini wakiomba vyumba hawapati.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Wengi hawajui kuwa Kenya ina sheria inayoitaja nyumba ya zamu. Ni sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012. Yasema mkataba wa namna hii uwe wa maandishi na mnunuzi apewe nakala. Tangu apokee nakala hiyo ana siku 10 za kuuvunja, bila kutoa sababu yoyote. Hata kama nyumba yenyewe iko nje ya Kenya, sheria yaihesabu.

Lakini angalia hapa. Sheria hiyo ni baina ya mnunuzi na mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, kama mjomba na yule mzee, usitegemee zile siku 10. Kwa mtumba, siku zako za kufikiri ni zile za kabla ya kutia sahihi. Baada ya hapo umeshapanda feri, na katikati ya maji hakuna kushuka.

MJOMBA ALIFANYAJE?

Usiku ule mjomba alinyamaza sana. Mama akamwambia, "Hakuna aliyekukataza kulala hotelini. Twakukataza kulala na deni."

Siku ya pili alikwenda kwa mgeni wake, akamshukuru kwa adabu, akamwambia fungu lote hataliweza. Kisha akamwomba jambo dogo: amkodishe pointi 20 tu za mwaka ule, kwa bei ya ada yake, shilingi 8,000. Mzee alikubali kwa furaha, maana pointi hizo zingepotea bure. Mjomba alizilipa kidogo kidogo kwa pesa za mchezo.

Mwishoni mwa Aprili, mvua ikinyesha, mjomba na mkaza mjomba walilala siku 2 katika hoteli ile ile. Mkaza mjomba atuhadithia mpaka leo: asubuhi ya kwanza mjomba aliamka saa kumi na moja, akatandika kitanda, akanyoosha shuka mpaka pembe zikasimama, ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye mgeni.

Nilimuuliza kama sasa atanunua. Akanijibu, "Nikiweza kulipa hizi 8,000 miaka mitatu mfululizo bila karo yenu kuchelewa, hapo ntanunua fungu dogo. Nikishindwa mwaka mmoja, nshajua jibu."

Ndugu msomaji, naona hicho ndicho kipimo bora kuliko vyote nilivyosoma. Usipime uwezo wako kwa bei ya kununua, upime kwa ada ya kila mwaka. Tumezoea kuambiwa haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli. Lakini wahenga hao hao walinena pia: bandu bandu huisha gogo. Ukianza kidogo, hata ukikosea gogo lako litabaki.